Bahi Haina Lango

Mtu akikuambia anakwenda likizo Zanzibar, unamtakia safari njema. Akikuambia anakwenda Bahi, unamwuliza kuna msiba wa nani. Ndivyo walivyoniuliza wenzangu kazini, na sikuwalaumu, kwa kuwa wengi wetu Bahi tunaijua kutoka dirishani tu. Ni mji mdogo ulioko kama kilomita 55 magharibi mwa jiji la Dodoma, makao makuu ya wilaya iliyomegwa mwaka 2007 kutoka Dodoma Vijijini. Barabara ya Singida inaupitia, reli ya kati nayo inaupitia, na abiria wa Tabora, Mwanza na Kigoma wameupita miaka nenda rudi bila kukatisha usingizi. Hakuna hifadhi ya taifa pale, wala lango lenye mlinzi na kitabu cha stakabadhi. Kuna bwawa kubwa, ambalo mwaka wa mvua nzuri hufurika na mwaka wa ukame hubaki udongo uliopasuka.

Nilitaka kwenda kwa sababu hiyo hiyo. Idadi za watalii husomwa sana siku hizi: mwaka 2024 wageni wa nje walioingia Tanzania walivuka milioni 2, na watalii wa ndani wakahesabiwa zaidi ya milioni 3. Kinachonivutia mimi ni hesabu anayopiga kila mmoja kabla hajaingia katika idadi hiyo. Anaamuaje kwamba hiki kinastahili laki mbili, na kile hakistahili hata nusu saa ya kutembea juani? Penye lango hesabu hiyo huioni, maana wenye lango wameshakupigia. Nikaona niende pasipo na lango.

Mwenzangu wa safari alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, anayeuza vitenge Kariakoo na ambaye sijamwona akinunua hata nyanya bila kuuliza bei mara mbili. Yeye alikuwa na mpango wake.

"Wifi, Zanzibar najua nakwenda kununua nini," alisema. "Boti ina bei yake, chumba kina bei yake, na bahari ipo palepale haiendi popote. Huko Bahi tunakwenda kuona nini?"

"Maji, ndege na mpunga."

"Mpunga upo hata Ruvu."

Tulikubaliana kwa masharti yake. Tungebeba kiasi kile kile ambacho kingetufikisha Nungwi, kule Zanzibar, kwa mwisho wa wiki, tungetumia tutakachotumia, na kitakachobaki ni mali yake. Kwa makubaliano hayo, kila shilingi niliyotaka kuitoa Bahi ilibidi kwanza niitetee mbele ya wifi yangu.

Dodoma tulikwenda kwa treni ya umeme. Treni hiyo ya SGR ilianza kufikisha abiria Dodoma Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi Agosti 1 mwaka huo. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Dodoma mwaka 1910, inakulaza njiani. Hii mpya inakutoa Dar asubuhi na kukushusha Dodoma kabla njaa ya mchana haijakukamata vizuri. Hapo wifi hakuwa na ubishi. Saa alizookoa alizijua thamani yake, kwa sababu duka likifungwa anajua linapoteza kiasi gani.

Ni ndani ya treni ndipo tulipobishana juu ya Hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya hifadhi ile kwa takriban kilomita 50. Abiria wa basi la Mbeya anaona twiga, nyani na nyati, akibahatika na tembo, wala halipi hata senti juu ya nauli yake. Hata hivyo watu wanatoka Dar, wanakodi gari na kulipa kiingilio ili wawaone wanyama wale wale.

"Hao si wanatupa hela?" aliuliza wifi.

"Umewahi kumwona tembo ukiwa kwenye basi?"

"Nimemwona. Mgongo tu. Basi halikusimama."

Jibu akawa amelitoa mwenyewe. Anayeingia Mikumi hamlipii tembo, kwa maana tembo yuko wazi hata kwa abiria wa Mbeya. Analipia haki ya kusimama na kukaa mpaka aridhike, pamoja na kuwa na mtu anayejua tembo amelala wapi asubuhi hiyo. Kwa maneno ya Kariakoo, ananunua uhakika.

Ukiishika fikra hiyo, mambo mengi ya utalii yanayoonekana kama wazimu yanaeleweka. Mlima Kilimanjaro unaweza kuupanda kwa njia ya Marangu kwa siku tano, au kwa njia ya Lemosho kwa siku saba au nane. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku. Kwa hiyo mgeni anayechagua Lemosho analipa zaidi ili alale kwenye hema usiku mwingi zaidi na aumie magoti zaidi. Mtu mzima anawezaje kununua taabu? Ni kwa sababu zile siku za ziada zinaupa mwili nafasi ya kuzoea upungufu wa hewa, na uwezekano wa kukanyaga kilele cha Uhuru, mita 5,895, unaongezeka. Aliyekwisha kulipa ndege kutoka Ulaya hataki kuishia njiani. Ngorongoro nako, ada ya kushuka kreta hutozwa kwa gari, si kwa kichwa, na ndiyo maana utakuta wageni wasiojuana wamekubali kubanana kwenye gari moja siku nzima. Wanatoa starehe kidogo, wanapata punguzo kubwa. Kila mmoja amejua mapema anatoa nini na anapata nini.

Dodoma tulilala usiku, tukala wali na mlenda, tukanunua zabibu soko la Majengo, na asubuhi tukapanda basi dogo la Bahi. Nauli ilikuwa ya elfu chache na hakuna aliyeijadili.

Barabara inapoacha Nala inaanza kushuka, na nchi inabadilika. Mibuyu inasimama mbalimbali juu ya udongo mwekundu. Mbele, upande wa magharibi, unaona ukuta wa Bonde la Ufa, ule ambao reli inaupanda kwa kujipindapinda karibu na Saranda kuelekea Manyoni. Bahi iko chini, katika sinia lililo kati ya nyanda za Dodoma na ukuta huo. Mto Bubu unashuka kutoka upande wa Kondoa na kumwaga maji yake humo, na humo ndimo yanamobaki, kwa kuwa hili ni sehemu ya Bonde la Kati ambalo maji yake hayaendi baharini. Yakikauka yanaacha chumvi.

Wasafiri wa zamani walipiga hesabu kali kuliko zetu katika nchi hii. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, penye Tabora ya leo, ilikatiza Ugogo. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley akapita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Mashariki mwa Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali na magharibi kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika mbili zenye taabu ya maji, na katikati yake visima vya Wagogo. Watemi walitoza hongo, ambayo siku zile ilikuwa ushuru wa njia, na ililipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Stanley alilalamika kurasa na kurasa.

Mwenye msafara alikuwa na uamuzi wa kufanya: ashike njia fupi apite kwa watemi wengi, au azunguke njia ndefu yenye watemi wachache na maji machache? Na kilichowachosha wageni wale hakikuwa ukubwa wa hongo peke yake. Kiasi hakikujulikana mpaka umefika. Kilijadiliwa, kikapanda, kikashuka, na mjadala uliweza kumeza siku nzima huku mamia ya wapagazi wakiendelea kula. Ukikaa upande wa mtemi mambo yanageuka: kisima amekichimba yeye katika nchi kame, na msafara wenye watu mamia na punda wao unaweza kukikausha kwa siku moja. Alikuwa na haki ya kudai. Kilichokosekana ni bei ambayo pande zote mbili zingeijua kabla.

Nilimsimulia wifi haya ndani ya basi. Akasema, "Hao ni sisi na bodaboda."

Na kweli, hatujamaliza kukanyaga chini Bahi, kijana wa bodaboda alikuwa mbele yetu. Alikuwa mpole, na kofia ngumu alikuwa nayo.

"Shikamooni. Karibuni, mama zangu. Tunakwenda wapi?"

"Bwawani. Tunataka kuona maji na ndege. Shilingi ngapi?"

"Hamna shida, mama. Mtanipa tu mtakachoona."

Kwa mgeni hakuna jibu gumu kama hilo. Kijana alilitamka kwa heshima, labda kwa kuwa hajawahi kubeba mtu anayekwenda bwawani kwa ajili ya kutazama tu, na hakujua kitu hicho kinauzwaje. Angetubeba kwenda sokoni au zahanati angetaja bei bila kufikiri. Lakini wifi aliganda palepale. Mwanamke aliyekuwa tayari kulipa hoteli ya Nungwi alishindwa kupanda pikipiki kwa sababu hakujua itamgharimu elfu mbili au elfu ishirini. Alianza kutaja vivuli vilivyo karibu. Alisema ndege wanaonekana hata kutoka hapo stendi.

Nikamwambia kijana: "Mwanangu, taja wewe. Kutupeleka, kutusubiri mpaka saa saba, kuturudisha. Ukitaja kubwa tutakwambia."

Alifikiri, akataja kiasi. Kilikuwa juu ya kile nilichokitegemea. Wifi, kwa mshangao wangu, alikubali bila kupunguza hata mia, na kuanzia hapo uso wake ukafunguka. Alikaa kwenye pikipiki ya pili akicheka na dereva wake. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakubishana. "Ningebishana ili iweje? Nilishajua mwisho wake," alisema.

Tulipita kando ya majaruba ya Bahi Sokoni, penye skimu ya umwagiliaji. Ilikuwa Juni na mpunga ulikuwa unavunwa. Watoto walikuwa wakipiga madebe na kurusha mawe kuwafukuza kweleakwelea, ndege wadogo ambao kundi lao likitua shambani asubuhi, jioni mkulima hana kitu. Mtalii angelipa kuwaona wakipinda angani kwa maelfu. Mwenye shamba angelipa wasionekane.

Pikipiki zilikomea penye tope. Mbele yetu kulikuwa na maji membamba yanayong'aa, majani marefu, yangeyange weupe wakidonoa kando, na mbali zaidi kundi kubwa la ndege ambalo kwa macho yetu lilikuwa rangi tu. Kijana akasema wapo korongo na bata maji kule, ila itabidi kutembea juu ya matuta, saa nzima kwenda.

Hapo fedha haikuwa na kazi tena. Kilichobaki ni miguu, jua na maji ya kunywa. Tulikwenda. Njia ilikuwa nyembamba na tuta likibomoka unaingia topeni hadi kwenye kifundo. Baada ya muda mrefu lile kundi lilikuwa bado rangi tu, limehama kadiri tulivyosogea. Jua la Bahi halina kivuli cha kulikimbia. Nilipendekeza turudi.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema wifi. "Tumetoka Dar, tumelipa treni, tumelipa pikipiki, turudi bila kuwaona?"

Wahenga nawaheshimu, lakini methali hii kwa msafiri ina hatari. Nauli ya treni ilishakwenda. Tukiwaona korongo hairudi, tusipowaona hairudi. Swali la pale kwenye tuta lilikuwa moja: saa nyingine ya jua hili, kwa maji haya yaliyobaki chupani, inalipwa na kile tutakachokiona? Watu wengi hujiumiza safarini kwa kutojiuliza hivyo. Mpanda Kilimanjaro mwenye kichwa kinachomuuma kwenye kambi ya Barafu anaendelea kwa sababu ya dola alizokwisha kulipa, na ni afadhali anapokuwa na kiongozi mwenye mamlaka ya kumwambia basi. Sisi kiongozi hatukuwa naye. Tulikuwa na kijana wa bodaboda, na tulipomwuliza alituambia ukweli: ndege wale wanasogea maji yanakosogea, na saa hiyo hawatatusubiri. Angesema ni karibu tu, tungeendelea.

Tukageuka. Wifi hakuzungumza kwa muda.

Karibu na majaruba tulimkuta bibi akipepeta mpunga kwenye ungo, na binti zake wakipiga miganda. Kijana alimwamkia kwa Kigogo, sisi kwa Kiswahili. Akatukaribisha kivulini, akaagiza maji, akatuuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia, akauliza tuna ndugu gani Bahi. Hatuna.

"Sasa mmekuja kwa nani, wajukuu zangu?"

"Tumekuja kutembea tu, bibi. Kuangalia bwawa."

Aliuliza nauli ya treni, ya basi, ya pikipiki. Akajumlisha kwa madebe ya mpunga, na hesabu yake ilikwenda haraka kuliko yangu. Kisha akacheka, bila dharau. "Mngekuja kunisalimia ningewaelewa."

Alikuwa na hoja. Likizo kwa wengi wetu bado ni kwenda kwa watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na wengi huzimaliza kijijini kwao. Kila Desemba utawaona Wachaga wakijaza mabasi ya Moshi, wenzao wakiwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Nauli hiyo, zawadi za wazazi na mbuzi wa sikukuu, vikijumlishwa, vinaweza kumpeleka mtu na familia yake hifadhini akalala. Hawaoni kuwa wamepata hasara. Wamenunua kitu ambacho bei yake wanaijua tangu utotoni. Tukisema Watanzania hawapendi kutalii kwa kuwa hawana fedha, tunasema nusu tu ya jambo. Fedha huipata kwa harusi, kwa msiba na kwa kwenda kwao, kwa sababu huko wanajua watakachotoa na watakachopata.

Tulikula pale. Ugali wa uwele, mlenda, na kambare wa bwawani. Fedha ya chakula bibi aliikataa kabisa, na nisingethubutu kuitaja mara ya pili. Lakini mchele ulipotajwa alibadilika akawa mfanyabiashara sawa na wifi. Wakakaa wawili hao, wakapimiana kwa sado, wakabishana bei kwa furaha ambayo sikuiona tangu tutoke Dar, na wifi akaondoka na mchele uliomlazimu kijana kuufunga kwa mipira nyuma ya pikipiki. Fedha yote aliyookoa kwa kutokwenda Nungwi ilianza kuyeyuka pale, kwa hiari yake, na kwa bei aliyoijadili mwenyewe hadi mwisho.

Bahi haihitaji kusubiri hoteli kubwa ndipo ipate wageni. Stesheni ya SGR imekwishajengwa pale, katika kipande cha reli kinachokwenda Makutupora, na lami ipo. Kinachohitajika kina gharama ya ubao na rangi. Vijana wa bodaboda wakae na serikali za vijiji vinavyozunguka bwawa, waandike bei tatu: kufikishwa ukingoni na kurudishwa, kuongozwa kwa miguu na mtu anayejua ndege wanalala wapi, na chakula cha mchana nyumbani kwa mwenyeji anayependa kuuza chakula. Waandike na muda wa kila safari, na waseme miezi gani maji hayapo. Wasiogope kuandika bei kubwa. Mgeni huikimbia bei asiyoijua kuliko ile inayomuuma.

Nawe msomaji, ukiamua kwenda, nenda kati ya Mei na Julai, maji yakiwa bado yapo na mpunga ukivunwa. Ingia bwawani alfajiri, kwani saa nne ni kuchelewa. Kubaliana bei kabla hujapanda chochote. Amua mapema saa ya kugeuka, na ikifika geuka, hata kama ndege umewaona kwa mbali tu. Na katika fedha utakayoibeba, tenga ya kununulia mchele.